Toleo la Mwisho la Kishindo

9 Januari

Mdogo wangu,

Mimi na Kidoti wazima, tunakula, tunagombana, tunapatana. Mpwa wako amenifikia kwa urefu, na siku hizi ananitazama kama fundi anayenipimia nguo. Anauliza mjomba wake atamchorea lini picha akiwa juu ya farasi. Nimemwambia mjomba hana nafasi, kuna mtu anatakiwa kumuua kwanza.

Toleo la nne la kitabu chetu cha katuni limekwisha madukani. Bosi alichapa nakala nyingine, na hizo nazo hazifiki mwisho wa mwezi. Jana nilipita nyuma ya kiwanda cha uchapaji nikawakuta watoto wamejifunga mashuka mgongoni, mmoja anamcharaza mwenzake kwa gazeti lililokunjwa, wote wanapiga kelele, "Kishindo! Kishindo!" Hata yule anayecharazwa alikuwa anashangilia. Nikacheka peke yangu barabarani kama mtu aliyepungukiwa. Mimi na wewe ndio tuliomleta huyo duniani, mimi kwa taipureta na wewe kwa wino.

Humu ndani nimekuwekea maandishi ya toleo la tano, ndilo la mwisho. Soma polepole. Kwa matoleo manne Kishindo amevaa kinyago cha chuma, amevunja wezi, amevunja wala rushwa, amevunja waliostahili na wachache wasiostahili, na mji mzima umembeba mabegani. Sasa anarudi nyumbani. Hakuna aliyejua kwamba ana nyumba. Ndani wanamngoja watoto wake wawili, wameshakuwa watu wazima, na wanamwambia kila alichowafanyia, kimoja kimoja. Anavua kinyago ili awabishie vizuri. Hapo anajiona kwenye kioo cha ukutani, anaelewa, anaangusha rungu. Binti anachukua rungu lake lile lile na kummaliza nalo.

Uso ulio chini ya kinyago uwe wa Mzee. Sisemi ufanane naye. Uwe wake: kovu la kidevuni, nyusi, lile jino. Na kitabu kikitoka umpelekee, akiweke mapajani, akifungue mwenyewe. Sitaki aombe msamaha, muda wa msamaha ulishapita na Mama alishazikwa. Nataka ajione tu. Mara moja, kabla hajafa.

Bosi anazitaka kurasa zote mwisho wa Aprili. Mzee anaendeleaje?

Dada yako


2 Februari

Dada, shikamoo,

Barua yako imefika ikiwa imelowa pembeni lakini maneno yote yanasomeka. Sisi huku tupo. Bati la chumba cha mbele limeanza kuvuja tena, hata kurasa mbili za kwanza ziliharibika nikalazimika kuzichora upya. Kazi ya mabango inaendelea. Kinyozi wa kona alitaka kichwa kwenye bango lake kifanane na chake mwenyewe. Nikamkumbusha ana upara, na watu wakiona kinyozi mwenye upara watadhani ndio mtindo anaonyoa. Alininunia siku nzima.

Uliwahi kuniandikia nipige simu. Nilijaribu, kwenye duka la dawa. Sikio la kushoto unazijua habari zake, na la kulia nalo limeanza kuchoka. Nikawa naitikia "ndiyo, ndiyo" kwa mtu aliyekuwa ananiuliza wewe ni nani. Tuendelee na barua.

Mzee hajambo, kwa umri wake. Anakula.

Maandishi nimeyasoma mara mbili. Nimechora hadi anapofika mlangoni, nazo kurasa hizo nimeziweka humu. Hapo nimekwama kidogo, si kwa ubaya, ni mkono tu. Umeandika "mikono mikubwa iliyojaa mlango". Mikono yake siku hizi si mikubwa. Nichore ile ya zamani au ya sasa?

Juzi mwuza mkaa alinisimamisha njiani. Akaniambia mtaa umeharibika tangu Mzee aache ulinzi wa bohari, kwamba enzi zake mwizi alikuwa anasikia kikohozi chake tu na kukimbia. Akanisimulia tena ile siku walipombeba mabegani kutoka bohari mpaka kwetu, na yule kijana aliyeiba nondo akiburutwa nyuma. "Baba yako alikuwa mwanamume," akasema. Nikaitikia kwa kichwa. Ungefanya nini?

Msalimie Kidoti. Farasi atapatikana.

Mdogo wako


20 Februari

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Kidoti ameota mdomo, kila neno langu ana lake la kurudisha, lakini ndio umri.

Kurasa zimefika salama. Ile ya Kishindo akitembea katikati ya mtaa huku madirisha yanafunguliwa kumpungia, Bosi aliibandika ukutani kwake. Alisema, "Mchoraji huyu anajua uzito wa mwili." Nikamwambia anajua kweli, ameubeba.

Chora mikono ya zamani. Umeanza kumchora mzee sana, mabega yameanguka, nani atamwogopa huyo? Watoto wamekuja kumshitaki jitu, sio kumsaidia kuvuka barabara.

Wewe ulikuwa mdogo, labda kuna vitu vimekuponyoka. Mimi sikuponyokwa na kitu. Siku watu wale wale walipombeba mabegani ndiyo siku aliyoufunga mlango juu ya mkono wa Mama, kwa sababu chakula kilikuwa kimepoa wakati yeye anashangiliwa nje. Mama hakushona tena. Mashine ikawa meza ya kuwekea taa. Na wewe ulipomshika mguu ukilia, ndipo alipokupiga kofi lililoliharibu lile sikio. Nje walikuwa bado wanaimba.

Nimeuweka mlango ule kwenye toleo la tatu, unakumbuka, Kishindo anapoubana mkono wa mchomoa mifuko. Wasomaji waliandika barua kwa magunia kusema wameipenda sehemu hiyo kuliko zote. Sawa. Waipende. Toleo la mwisho litawaonyesha walikuwa wanashangilia nini.

Mwanzie Mzee mapema. Msomee hilo toleo la tatu, umwangalie usoni, halafu uniandikie alivyofanya. Wewe ndiye unayekaa naye, mimi kazi imenibana siwezi kuja.

Dada yako


30 Machi

Mdogo wangu,

Kimya chako kinanitisha kuliko maneno. Bosi ananiuliza kila asubuhi, nami kila asubuhi nasema zipo njiani. Ziko njiani? Umemsomea?

Sisi wazima.

Dada


28 Aprili

Dada, shikamoo,

Nisamehe. Nilianza barua hii mara nyingi nikaishia kwenye salamu.

Kwenye barua yangu iliyopita nilikuandikia kwamba Mzee hajambo. Hajambo wa mwili. Kichwa kimeondoka, Dada. Kilianza mwaka jana kwa kusahau funguo, kisha njia ya kurudi nyumbani, kisha jina la Mama, na sasa hanijui. Ananiita fundi. Asubuhi ananikuta namwaga maji ya kumwogeshea, ananiuliza, "Fundi, umekuja kupaka rangi?" Namwambia ndiyo. "Paka vizuri, mwenye nyumba mkali." Halafu ananyoosha mikono juu nimvue shati, kama mtoto.

Sikukuambia kwa sababu nilijua unachokingojea. Nilidhani pengine siku moja ataamka na akili yake, hata kwa saa moja, nikamwonyesha, basi nikakuandikia kwamba imekuwa. Siku hiyo haikuja.

Nilimsomea toleo la tatu kama ulivyotaka. Nilimweka kwenye kiti cha dirishani, nikamfungulia ukurasa wa mlango. Alikitazama kitabu kwa muda, akaweka kidole kwenye ule mkono uliobanwa. Nikasema sasa. Moyo ulikuwa unanidunda mpaka nikausikia kwenye hili sikio bovu. Akacheka. Akapiga makofi, Dada. Akasema, "Huyu bwana anajua kazi." Nikataka kufunga kitabu, akanishika mkono: "Rudisha, rudisha pale." Nikarudisha. Tulitazama ukurasa ule mpaka chai ikapoa, na kila mara alicheka upya, kwa sababu kila mara alikuwa anauona kwa mara ya kwanza.

Nakutumia kurasa zote zilizobaki isipokuwa nne za mwisho. Kioo na rungu sikuvichora. Si kwamba nimemsamehe, usinielewe hivyo. Kuna asubuhi namwogesha nikiangalia shingo yake na kuwaza mambo ambayo sitayaandika hapa. Lakini mtu unayetaka nimchore akijiona hayupo tena humu ndani. Aliondoka bila kutuaga. Kalamu naishika, nafika kwenye macho yanayoelewa, na sijui macho hayo yanafananaje. Sijawahi kuyaona.

Niachie nimalizie hivi: watoto wanasema yote, naye anawasikiliza, halafu anauliza nyie ni akina nani. Basi. Kitabu kinaishia hapo.

Njoo umwone. Na mbona barua yako ya mwisho haikumtaja Kidoti?

Mdogo wako


6 Mei

Mdogo wangu,

Salamu.

Kwa hiyo mwaka mzima ulikuwa unajua. Umeniacha nikiandika kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, usiku na mchana, na wewe unamwogesha na kuninyamazia.

Hapana, hakitaishia hivyo. Unataka nimwachie aondoke hivi hivi, kwa kusahau? Sisi tusahau lini? Msomaji amenunua matoleo manne ili aone hukumu, sio mzee aliyepotea njia. Na mimi pia.

Bosi amempa kurasa nne kijana mwingine anayechora matangazo ya sabuni. Anachora nyuso kama mikate, lakini anafanya haraka na haulizi maswali. Nimempa ile picha ya Mzee akiwa na sare ya ulinzi ili autoe uso humo. Kitabu kitachapwa Juni. Jina lako litakuwepo kwenye jalada, upende usipende.

Kidoti yuko kwa baba yake kwa muda. Usiniulize zaidi.

Sitakuja. Nikija nitamkuta mzee wa watu anayehitaji kufutwa mate, na nitalazimika kumfuta.

Dada


11 Julai

Dada, shikamoo,

Mzee amefariki juma lililopita. Nilimtuma jirani mshonaji akupigie simu kazini, akaambiwa umetoka. Akapiga tena, akaambiwa hivyo hivyo. Hatukuweza kungoja, kulikuwa na joto. Walikuja watu wengi kuliko nilivyotegemea. Mwuza mkaa alilia mpaka akashikiliwa. Walizungumza habari za bohari na wezi, na mimi nikasimama mbele yao nikapokea mikono.

Kifurushi chako kilifika siku chache kabla. Nilikiweka chini ya godoro, nikasema sitamwonyesha. Halafu nikasema dada yangu amefanya kazi kwa ajili ya jambo hili moja, na mimi ni nani hata nilizuie. Basi nikamfungulia. Niliruka kurasa zangu, nikaenda moja kwa moja kwenye zile nne.

Yule kijana wa sabuni anajua kunakili, nisimkosee haki. Ni Mzee kabisa. Kovu lipo, jino lipo. Mzee akausogeza uso wake karibu na karatasi mpaka pua ikagusa. "Huyu nani?" akaniuliza. Nikamwambia, "Mwangalie vizuri." Akamwangalia. "Ni mwizi," akasema. "Ana uso wa mwizi." Nikafungua ukurasa unaofuata, pale binti anaponyanyua rungu. Akaanza kutetemeka, nikadhani ameogopa, nikataka kumshika. Hakuwa ameogopa. Alikuwa anampigia binti kelele, "Mpige! Mpige tena! Usimwache!" Alipiga kelele mpaka jirani akaja mbio kuangalia kuna nini. Akamkuta Mzee anagonga mkono wa kiti kwa ngumi, na mimi nimekaa sakafuni na kitabu.

Ndivyo alivyokisoma kitabu chako. Uliniomba nikuandikie.

Kuna jambo lingine, nalo sitalizungusha. Kidoti ameniandikia. Nimeisoma barua yake mara moja, sikuweza ya pili. Anauliza, "Mjomba, Babu alikuwa anampiga Mama kwa mkono au kwa kitu? Kwa sababu Mama anatumia ile rula ya chuma ya kazini." Anasema ilianza alipokuambia kwamba Kishindo anamchosha, kwamba ni vipigo tu kutoka jalada hadi jalada.

Sijamjibu. Nimjibu nini?

Mdogo wako


3 Agosti

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata. Nilikuwepo kazini mara zote mbili jirani alipopiga. Niliinua mkono, yule wa mapokezi akaelewa.

Habari ya rula sitaiandika. Ulimwengu umejaa watu wanaoandika kila kitu.

Nilienda kwa shemeji yako Jumapili. Nilisimama getini, mke wake mpya akatoka akaniambia kwa adabu sana kwamba mtoto anasoma. Dirisha la juu lilikuwa wazi na redio inaimba. Nilimwita. Redio ikaongezwa sauti. Nikasimama kidogo tena kwa ajili ya wapita njia, wasione kama nimefukuzwa, kisha nikaondoka.

Kitabu kimeuzika kuliko yote. Na wasomaji wamekasirika, mdogo wangu, huwezi kuamini. Magunia ya barua. Wanasema tumemdhulumu Kishindo. Wanasema watoto wale ni wanafiki na waongo, wameleta mambo ya nyumbani kwa mtu aliyeusafisha mji. Mwanamke mmoja ameandika kwamba ameukata uso wa binti kwa wembe kwenye kila nakala aliyoiona dukani. Bosi anasoma barua hizo kwa sauti na kufurahi. Ameniita, akaniambia tumfufue. Matoleo sita mapya: rungu halikumuua, lilimzimisha tu, anaamka kaburini, na wa kwanza kumtafuta ni binti yake.

Nilimwambia hapana. Nikaenda mezani kwangu, nikakaa. Mchana ulipoisha nilikuwa nimeshaandika toleo la kwanza lote. Lilikuja lenyewe. Sijawahi kuandika kitu kwa wepesi namna ile, kila pigo nilijua linatua wapi. Bosi amesema ni bora kuliko yote. Yule kijana wa sabuni atachora, kama wewe hutaki, na najua hutaki.

Nina swali moja tu, naomba ulijibu kwa kifupi. Mwishoni kabisa, alisema nini? Alinitaja?

Dada


25 Agosti

Dada, shikamoo,

Hakukutaja. Mimi pia hakunitaja, wala Mama.

Ilikuwa mchana, jua limejaa chumbani. Aliomba maji. Alisema, "Fundi, nipe maji," kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu aliyetoka kazini. Nikaenda jikoni, nikasuuza kikombe, nikajaza. Niliporudi alikuwa ameshakata roho, macho yametazama mlangoni. Nilisimama pale na kikombe mkononi muda mrefu. Sikujua pa kukiweka. Mwisho maji nikayanywa mimi, yote, nikaenda kumwita jirani.

Mdogo wako